Aparei ya foto isiyolilia mabuye: kuchagua na kutumia refleksi ya zamani kwenye mashimo ya Masisi na Walikale

Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, milima ya Rubaya, katika teritware ya Masisi, inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Tantali hiyo inatoka ndani ya koltani yetu, inakwenda kutengeneza kapasita za simu na za aparei mpya za foto. Kasiterite ya Bisie, kule Walikale, ndiyo inayotoa bati la kuunganishia nyaya ndani ya vyombo hivyo. Na mimi, mtu wa sendika ya wachimbaji, ninawaambia wenzangu watafute aparei ambayo karibu haina kitu cha Rubaya ndani yake: refleksi ya pelikili, ya miaka ile ya wazazi wetu, inayotembea kwa springi na magurudumu ya meno.

Wengine wanacheka. «Papa, simu iko mfukoni, ya nini kubeba kilo moja ya chuma?»

Simu ni nzuri, sikatai. Lakini simu inaomba moto kila siku, na mashimo mengi yako mbali na umeme. Mtu analipa kuchaji kwenye paneli ya jua ya jirani. Simu inaibiwa, inanyanganywa, inaanguka ndani ya maji ya kuoshea koltani, na picha zote zinakwenda nayo. Tena picha ya simu, ukiipeleka mbele ya watu wa kampuni ao wa ofisi, neno la kwanza watakalosema ni kwamba umeitengeneza. Negatifu ni kitu cha kushika mkononi. Iko na namba yake kando, 1 mpaka 36, na picha zinafuatana kama zilivyopigwa. Ukikata moja, pengo linaonekana.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Kule Katanga, Union Minière du Haut-Katanga ilipigisha picha za wafanyakazi wake miaka mingi na kuziweka katika maktaba yake. Sammy Baloji, mpiga picha wa Lubumbashi, alichukua picha hizo za zamani akaziunganisha na picha alizopiga mwenyewe kwenye viwanda vilivyokufa. Kazi hiyo inaitwa Mémoire, ya mwaka 2006. Watu wale waliosimama mbele ya ukuta wakipigwa foto kama mali ya kampuni, leo tunawaona kwa sababu mabwana walitunza negatifu. Wafanyakazi wenyewe hawakuwa na aparei. Hapa Kivu ya Kaskazini nimekutana na wazee waliovunja mgongo katika makampuni ya bati, na siku ya kudai haki zao hawana hata karatasi moja inayoonyesha kwamba walisimama mahali pale. Vijana wa leo nao wataulizwa swali hilohilo kesho.

Basi tuingie sokoni. Aparei hizi zinapatikana Goma kwa wauza vitu vya mitumba, na kwa wapiga foto wa zamani waliokuwa wakizunguka kwenye harusi na mashule. Wengi wao walifunga kazi simu zilipoingia, na aparei ikabaki juu ya kabati. Hao ndio wa kutafuta kwanza, juu wanajua historia ya chombo chao.

Ulizo la kwanza ni moja tu: bila batri, inapiga ao haipigi? Usishike jina lililoandikwa mbele. Canon AE-1, iliyotoka mwaka 1976, ni aparei safi, lakini pazia lake linaongozwa na umeme. Batri yake ya volti 6 ikiisha, umebeba jiwe. Minolta X-700 vilevile, tena iko na ugonjwa unaojulikana: kapasita moja inakufa na aparei inajifunga. Ukiwa Goma mjini utapata fundi ao batri. Ukiwa Ndjingala utapata nini?

Zenit-E, ya Urusi ya zamani, haina batri kabisa. Kipimo chake cha mwanga ni seleni inayokula jua, na mara nyingi seleni hiyo imechoka, lakini pazia linaendelea kupiga. Ni nzito, inapiga kelele kama mlango, mwendo wake ni kuanzia 1/30 mpaka 1/500 tu. Objektifu yake Helios ya milimeta 58 inafungwa kwa kuzungusha, uzi wa milimeta 42, na ni objektifu nzuri kuliko bei yake. Pentax K1000 ilitengenezwa toka 1976 mpaka 1997, na wanafunzi wa foto wa dunia nzima walijifunzia juu yake. Batri ndogo moja inaendesha kipimo cha mwanga tu. Ikiisha, aparei inaendelea kupiga mpaka 1/1000. Haina kitufe cha kuzima: ukiifunika mdomo, kipimo kinalala, ukiiacha wazi inakula batri usiku kucha. Nikon FM, ya mwaka 1977, ni ngumu zaidi na bei yake inapanda mlima. Yashica FX-3 nayo inapiga bila batri, ni nyepesi, ila ngozi yake ya nje inabanduka kama ganda la ndizi. Hiyo si kitu, gundi itarudisha.

Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, ninachukua K1000. Ikikosekana, Zenit.

Usilipe kabla ya kuifungua. Fungua mgongo wake ukiwa umehakikisha hakuna pelikili ndani, weka mwendo wa sekunde moja, piga, sikiliza. Sekunde moja iwe sekunde moja ya saa. (Zenit-E haina sekunde moja, kwake piga 1/30 kisha 1/500, na sikio lako lisikie tofauti.) Halafu elekeza kwenye mwanga wa dirisha, piga mwendo wa haraka ukitazama kwa nyuma: sherti uone mwanga ukipita wote, bila upande mmoja kubaki mweusi. Tazama kama pazia la kitambaa liko na tundu; kuna mtu aliacha objektifu ikitazama jua na likaungua. Sponji nyeusi za mlangoni zikishakuwa kama lami, mwanga utaingia. Zikwangue, uweke uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji wake. Nyumba ya batri ikiwa na kutu ya kijani, siki ao limau kidogo kwenye kitambaa inaitoa, kisha kausha vizuri.

Objektifu ndiyo inayodanganya watu wengi. Washa tochi, ipenyeze kutoka nyuma, utazame kwa pembeni. Vumbi kidogo halina neno. Lakini ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni ukungu unaoota, na ndio maradhi ya Walikale. Ndani ya pori lile unyevu haukauki, hata kiatu kinaota. Achana na objektifu hiyo, hata wakikushushia bei. Na ile uliyo nayo, usiiache ndani ya mfuko wa ngozi. Iweke ndani ya mkebe unaofunga vizuri, pamoja na mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, umefungwa ndani ya kitambaa. Mchele huo ubadilishe kila mara. Masisi tabu ni nyingine: wakati wa kiangazi vumbi linaingia kila mahali, basi mfuko wa plastiki na brashi laini.

Siku ya kuweka pelikili, kaa kivulini. Ukiisha kufunga mgongo, vuta mkono wa kusogeza pelikili na utazame kile kirungu cha kurudishia upande wa kushoto: kikizunguka, pelikili imeshika. Kisipozunguka, utapiga picha 36 za hewa.

Kuhusu mwanga, usiogope aparei isiyo na kipimo. Ukiwa na pelikili ya 400, jua kali la saa sita ni 1/500 na f/16. Mawingu mepesi, f/8. Mawingu mazito ya Masisi, f/5.6. Chini ya miti ya Walikale, shuka mpaka f/2.8 na 1/60, ushikilie pumzi. Kwenye mdomo wa shimo penye giza, flashi: K1000 kwa 1/60, Zenit kwa 1/30, la sivyo nusu ya picha itakuwa nyeusi. Aparei yenye kipimo nayo inaweza kukudanganya: mchimbaji wa Rubaya ametoka ndani akiwa amepakwa udongo mweupe, nyuma yake ukungu mweupe, kipimo kinafikiri kuna mwanga mwingi, uso wake unatoka mweusi usiojulikana. Pima kwenye majani mabichi yaliyo katika mwanga uleule, kisha rudi kwa mtu.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya picha yoyote, piga kibao kilichoandikwa kwa chaki: tarehe, jina la kilima, namba ya shimo. Kisha piga kutoka mbali, kisha katikati, kisha karibu, na katika ile ya karibu weka beshi ao fimbo uliyoipaka rangi kila sentimeta 10. Picha ya ufa bila kipimo haisemi kama ufa unapitisha kidole ao mguu. Sheria haimruhusu mchimbaji wa mikono kupita metre 30 chini ya ardhi. Kamba yenye fundo kila metre, ikipigwa picha pale inapotoka shimoni, inaonyesha kina bila maneno mengi. Piga miti inayoegemeza paa, na mahali inapokosekana.

Kilima hakianguki bila kuonya. Juu ya mashimo, kwenye majani, ufa unaanza mdogo. Pigilia vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, na kingine mahali utakaposimama wewe. Kila juma simama pale pale, na objektifu ile ile isiyovuta wala kusukuma. Hapo ile milimeta 50 ya kizamani inashinda simu, ambayo kila mtu anaivuta namna yake. Lakini tusidanganyane: pelikili inachelewa. Picha utaiona baada ya siku, pengine baada ya mwezi. Kwa hiyo kamba ya kupimia vijiti ndiyo inayopiga kengele. Vijiti vikiachana, watoe watu shimoni siku hiyo hiyo, usingoje foto. Foto ni ya baadaye, wakati PDG wa shimo atakaposema kwamba hakuna aliyejua.

Juu ya usalama, niseme wazi. Usipige askari, silaha, barriere, wala ndege. Rubaya iko mikononi mwa M23 toka mwisho wa mwezi wa 4, 2024, na Walikale kumebadilika mara zaidi ya moja. Wakubwa wa njia wa jana si wa leo. Piga kwa ruhusa ya viongozi wa shimo, aparei ikining'inia shingoni mahali inapoonekana, si chini ya koti. Refleksi ya pelikili haiwezi kumwonyesha mtu picha uliyopiga, na mwenye wasiwasi anaweza kuifungua mgongo, jua likala yote. Basi rudisha pelikili ndani ya kopo lake kabla ya kushika njia. Mtoto ao mtu aliyekutolea siri, usipige uso. Mikono na vyombo vinatosha. Na yule aliyesimama mbele yako, siku moja mletee foto yake. Wachimbaji wamechoka na wageni wanaochukua sura zao na kupotea. Richard Mosse, wa Ireland, alizunguka Kivu na pelikili ya Kodak iitwayo Aerochrome, iliyotengenezwa kwa ajili ya majeshi, inayogeuza majani kuwa ya waridi. Mwaka 2013 kazi yake ilionyeshwa Venice. Ni picha za ajabu, sikatai. Milima yetu ni ya kijani.

Pelikili ya rangi inaomba labo, na labo zimekuwa chache. Wengine wanatuma mpaka Kampala ao Nairobi. Ndiyo maana tunatumia nyeusi na nyeupe, inayosafishwa nyumbani. Unahitaji tangi lake, giza la kweli la kuingizia pelikili (usiku, chini ya blanketi mbili, na mlango umefungwa), dawa mbili na maji safi. HP5 ya Ilford ndani ya ID-11 isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu kwa digrii 20. Maji ya Masisi asubuhi ni baridi kuliko hapo. Yapashe kidogo, upime na termometre ileile ya kupimia homa kama inashuka mpaka 20, la sivyo nunua ya maabara. Kisha maji, kisha fiksateri, kisha suuza vya kutosha. Fiksateri iliyokwisha kutumika iko na feza ndani yake na ni sumu kwa samaki: usiimwage mtoni, ambako akina mama wanachota.

Zikikauka, kata negatifu sita sita, ziweke ndani ya karatasi safi, andika tarehe na shimo. Ziweke juu ya kioo cha simu chenye mwanga mweupe, uzipige kwa simu nyingine. Nakala ziende kwa watu wawili wasiokaa mji mmoja. Zile zenyewe zikae ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na mchele wake. Yetu iko ndani ya mikebe miwili, na mahali ilipo sitapaandika hapa.