Afande, Kifaru na Operesheni: Sajili ya Kijeshi Masikioni mwa Raia wa Kaskazini Mashariki

Sajili za mahakamani, hospitalini na sokoni hupewa nafasi pana katika masomo ya isimujamii, ilhali ya jeshini hutajwa kwa sentensi moja tu: kwamba ni ya amri na kauli zake ni fupi. Maelezo hayo ni ya kweli ila hayatoshi, hasa yanapohusishwa na Garissa, Wajir na Mandera. Huko lugha ya kwanza ya wakazi wengi ni Kisomali, na si wachache waliokisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa mtu aliyevaa sare.

Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano ya askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wenyeji walilifupisha kuwa Keya. Miongoni mwa askari wake wa awali walikuwamo Wasudani, na kutokana na athari hiyo neno la Kituruki lenye maana ya bwana, lililokwisha kupita Misri na Sudan, likawa afande. Kambini, afande ni mkubwa wako. Nje ya kambi neno limepoteza mipaka. Kwenye kizuizi cha daraja la mto Tana, raia humwita afande kila mwenye sare, hata kuruta aliyehitimu mafunzo ya Eldoret majuzi. Ni heri kumpandisha mtu cheo kuliko kumshusha, hasa akiwa ameshika kitambulisho chako.

Ucheshi wa sajili hii hujitokeza zaidi katika majina ya silaha. Mzinga ni makao ya nyuki, na pia ni bunduki kubwa. Atakayekaribia wowote kati ya hiyo miwili atajuta. Kifaru nacho kina sarufi ya kuvutia. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai, lakini gari la vita hubaki katika ngeli ya KI-VI. Basi mwanafunzi akiandika kwamba "vifaru wawili walipita", ni wanyama. Akiandika "vifaru viwili vilipita", mwalimu na afunge madirisha.

Neno zoezi linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Shuleni ni maswali matano mwishoni mwa sura. Huko Isiolo, kilipo chuo cha askari wa miguu, na kaskazini zaidi huko Archers Post, ambako majeshi ya Uingereza yamefanya mazoezi kwa miongo mingi, ni risasi na makombora halisi katika ardhi ambamo mifugo hulishwa. Askari hupambanua guruneti, kombora na baruti. Mchungaji huviita vyote bomu. Kwa askari, zoezi huisha magari yarudipo kambini. Kwa mchungaji huendelea, kwani kilichoshindwa kulipuka hubaki mchangani kikingoja mguu au mkono wa mtoto. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa takriban pauni milioni 4.5 kwa walalamishi 228, Wasamburu na Wamaasai, kutokana na madhara ya silaha zilizoachwa Archers Post na Dol Dol.

Hapo mzaha hukoma, na hukoma kabisa yanapofikiwa maneno shifta na operesheni. La kwanza lina asili ya Kiamhara na maana yake ni mhalifu wa porini. Hali ya hatari ilipotangazwa kaskazini Desemba 1963, majuma machache baada ya uhuru, serikali iliwabandika jina hilo wapiganaji waliotaka eneo lao liungane na Somalia. Wao hawakujiita hivyo. Vita vilimalizika mwaka 1967, lakini jina lilikwisha kuwaangukia hata wachungaji wasiokuwa na silaha, na sheria za hali ya hatari hazikufutwa hadi 1991. Operesheni nayo, ambayo kwa Mkenya wa kwingine huweza kuwa upasuaji, Garissa hukumbusha Novemba 1980, mji ulipochomwa. Wakazi huyaita matukio hayo Gubai, kutokana na neno la Kisomali la kuunguza. Wajir hukumbusha uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984.

Haishangazi basi kwamba mkazi wa Garissa anayesafiri kwenda Nairobi amezoea kusema anakwenda "Kenya", kana kwamba daraja ni mpaka. Lakini hata Somalia hahesabiwi mwenyeji kamili. Wasomali wa huko wamempa mwenzao wa Kenya jina la utani lililochotwa moja kwa moja katika Kiswahili chake, kitenzi kikanushi cha nafsi ya kwanza, jibu ambalo kizuizini ndilo la salama kuliko yote: humwita Sijui.