Vitabu vya Octavia Butler: Tuanzie Wapi?

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha kituo cha daladala. Baada ya kuniamkia akasema alinisikia hewani nikimtaja mwandishi wa Kimarekani, Octavia Butler, yule wa riwaya za kubuni za kisayansi. Akaenda kuulizia vitabu vyake, akaambiwa riwaya ziko 12. "Sasa mzee," akaniuliza, "mimi naanzia wapi?"

Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na nililipa gharama yake. Mwaka 1999, nikiwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, nilinunua Patternmaster kwa muuza vitabu vya mtumba. Nilisikia kwamba ndiyo riwaya yake ya kwanza, nikadhani kitabu cha kwanza ndicho cha kuanzia. Ni kisa cha watu wenye uwezo wa kuingiliana mawazo, wanaogombania utawala katika zama zijazo. Sikuelewa nani ni nani. Kufika ukurasa wa thelathini nikakisukumia chini ya kitanda, na kwa miaka minane sikumgusa tena mwandishi huyo.

Kosa langu lilikuwa nini? Patternmaster ilitoka mwaka 1976, lakini katika mfululizo wake ndiyo mwisho wa kisa. Mwanzo wake, Wild Seed, ulikuja kuandikwa baadaye na kutoka mwaka 1980. Humo tunarudishwa mwaka 1690, Afrika Magharibi. Yupo Anyanwu, mganga wa Kiigbo mwenye miaka kama mia tatu, anayeweza kugeuza mwili wake awe mnyama au mtu mwingine. Yupo na Doro, aliyezaliwa Nubia maelfu ya miaka nyuma, ambaye haishi ila kwa kuhama kutoka mwili mmoja hadi mwingine, na kila anayeingiliwa hufa. Atakayeanza na hicho ataufuata mfululizo mzima kwa raha. Atakayeanza na Patternmaster, kama mimi, ameingia msibani siku ya arobaini na hamjui marehemu.

Hata hivyo, yule kijana sikumwambia aanze na Wild Seed. Nilimwambia aanze na Kindred, ya mwaka 1979. Kwanza, hiyo inasimama peke yake, haina kitabu cha kabla wala cha baada. Pili, haikusumbui na mitambo. Dana, mwanamke mweusi anayeishi California mwaka 1976, anashikwa na kizunguzungu na kujikuta Maryland mwanzoni mwa karne ya 19, katika shamba la watumwa. Kila mara anaitwa huko kumwokoa Rufus, mtoto wa kizungu wa mwenye shamba. Na hapana budi amwokoe, kwa sababu Rufus huyo ni babu wa mababu zake. Akifa kabla ya wakati, ukoo wa Dana hautakuwapo.

Butler alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Baba yake, aliyekuwa mng'arisha viatu, alifariki Octavia akiwa mdogo. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba za Wazungu, na mtoto alimwona akiingia kwa mlango wa nyuma na kusemwa vibaya kana kwamba hayupo. Baadaye, chuoni, alimsikia kijana mwenzake akiwalaumu wazee weusi kwa kukubali kunyanyaswa. Octavia alijua chakula chake kilitoka kwenye kunyanyaswa huko. Kindred ilikuwa jibu lake.

Mama yangu naye alikuwa mtumishi wa ndani, Upanga. Shuleni nikiulizwa kazi ya mama nilisema muuguzi. Katika Kindred yumo mpishi, Sarah, ambaye watoto wake wameuzwa, akabakiziwa mmoja tu, binti bubu. Sarah ananyamaza na kupika. Dana mwanzoni anamdharau kwa unyenyekevu ule, kisha anaelewa kwamba kunyamaza kule ndiko kunakomlinda yule mtoto wa mwisho. Niliusoma mwaka 2007. Mama alikuwa amefariki mwaka 2003. Sikuwa na wa kumwomba radhi.

Baada ya Kindred, nenda Wild Seed. Kisha chukua Parable of the Sower, ya mwaka 1993, inayoanza Julai 2024: Marekani imechakaa kwa ukame, moto na umaskini, na msichana Lauren anaandika shajara ndani ya mtaa uliozungushiwa ukuta. Hiyo ifuatishe na Parable of the Talents, ya mwaka 1998, wala usiruke. Ukishazoea, ingia Dawn, Adulthood Rites na Imago, kwa mpangilio huo huo, uone viumbe wa sayari nyingine wakiwaokoa binadamu kwa sharti la kuchanganya nao uzazi. Mwenye saa moja tu atafute hadithi fupi Bloodchild. Ama riwaya yake Survivor, mwenyewe hakuipenda, akakataa isichapishwe tena. Ukiikosa usihuzunike.

Butler alifariki Februari 2006. Mwaka 2021 wanasayansi wa Marekani walikiita kwa jina lake kituo kilipotua chombo chao kwenye sayari ya Mirihi. Si haba kwa mtoto wa mtumishi wa ndani.

Yule kijana nimemwazima Kindred yangu, na nimemsisitiza airudishe. Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri.