Kudai, Kupendekeza na Kuhoji: Vitenzi vya Kiingereza vya Kuripoti Hoja na Visawe Vyake katika Uandishi wa Kitaaluma wa Kiswahili

Ikisiri

Mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa Kiswahili husoma sehemu kubwa ya marejeleo yake kwa Kiingereza. Anapohamisha hoja za wengine, huhamisha pia vitenzi vinavyozibeba. Makala hii inachunguza vitenzi vichache vya Kiingereza vinavyotumika kuripoti maoni na hoja, hususan 'argue', 'claim', 'suggest', 'show' na 'admit', na kuonyesha jinsi visawe vyake vilivyozoeleka hubadili msimamo wa mwandishi bila yeye kukusudia. Makala inashikilia kwamba Kiswahili hakina uhaba wa msamiati katika uwanja huu; kilichokosekana ni makubaliano kuhusu mzigo wa kila kitenzi.

1. Utangulizi

Tuanze na sentensi ambayo kisarufi haina kosa: "Mtafiti huyu anadai kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu." Msomaji wa Kiswahili akifika kwenye nukta, atasubiri sentensi ya pili inayoanza kwa "lakini". Atajiuliza pia ni nani hii leo anayelitilia shaka jambo hilo hata liitwe dai, ilhali ushahidi wa kifonolojia, kimofolojia na kimsamiati, ukiwemo ule uliojadiliwa kwa kina na Nurse na Spear (1985), umekwisha kulituliza. Yaelekea mwandishi wa sentensi hiyo hakukusudia ubishi wowote. Alikuwa na kitabu cha Kiingereza mkononi, akakuta 'argues that', akaandika "anadai kwamba".

Sentensi za namna hii hazikosekani katika tasnifu zetu, nami nakiri kwamba nimewahi kuziandika. Tangu Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, istilahi za isimu na fasihi zimejadiliwa na kusanifiwa kwa bidii. Mofimu, kiima, usimulizi na taashira zote zina historia ya mijadala. Vitenzi vinavyofungua karibu kila aya ya mapitio ya maandiko havikupata bahati hiyo. Vilidhaniwa kuwa maneno ya kawaida, yasiyohitaji istilahi.

2. Mzigo wa kitenzi

Kiparsky na Kiparsky (1970) walionyesha kwamba baadhi ya vitenzi huchukulia kishazi kinachofuata kuwa ni kweli, na vingine havifanyi hivyo. Thompson na Ye (1991) waliupeleka mtazamo wa namna hii katika makala za kitaaluma za Kiingereza. Walitenganisha msimamo wa anayenukuliwa na msimamo wa anayenukuu, kisha wakagawa msimamo wa huyu wa pili katika makundi matatu: anayeikubali habari kuwa ni kweli, anayeiona kuwa ni kosa, na anayejizuia kuhukumu. Kwao, 'claim' imo katika kundi la tatu. Hyland (1999) naye, baada ya kuchunguza makala 80 za taaluma nane, aligundua kwamba 'argue' na 'suggest' hutawala zaidi katika taaluma za kijamii na kibinadamu, ilhali sayansi asilia huelekea kwenye vitenzi kama 'report' na 'show'.

Matokeo hayo yanatuhusu moja kwa moja. Isimu na fasihi ni taaluma ambazo maarifa yake hujengwa kwa kushawishi. Kitenzi kikipotoka katika tafsiri, ramani nzima ya mjadala hupotoka nacho.

3. Deni la kudai

Katika Kiswahili, anayedai bado hajalipwa. "Ananidai shilingi elfu kumi" ni kauli ya mtu ambaye fedha zake ziko kwa mwingine. Mahakamani kuna mdai na mdaiwa, na madai hubaki madai hadi hukumu itolewe. Maana hii ya deni haipotei kitenzi kinapoingia katika uwanja wa hoja. Kusema "fulani anadai kwamba" ni kusema kwamba fulani ametoa kauli na ushahidi wake bado unasubiriwa. Pengine hata unashukiwa kuwa haupo.

'Claim' ya Kiingereza ina kivuli cha namna hiyo katika magazeti na mazungumzo, lakini katika nadharia ya hoja neno hilo limetulia. Toulmin (1958) analitumia kwa hitimisho ambalo msemaji analitetea kwa data na kwa kanuni inayoruhusu kuvuka kutoka data hadi hitimisho. Hapo hakuna shutuma yoyote. Nomino "dai" inaweza kuibeba dhana hiyo ya Toulmin bila taabu kubwa, kwa kuwa msomaji ameshaonywa kwamba ni istilahi. Kitenzi "anadai" hakina onyo hilo. Kinafika kikiwa na deni lake.

'Argue' ni tatizo jingine. Katika Kiingereza cha kila siku ni kubishana, hata kugombana. Katika maandiko ya kitaaluma ni kutoa kauli na kuiegemeza kwenye sababu. Kwa hiyo anayeandika "Toulmin anabisha kwamba" amekosea, kwa maana kubisha ni kukataa. Anayeandika "anadai" ameondoa sababu na kuacha kauli peke yake. Anayeandika "anasema" hajakosea, lakini amepunguza. Kilicho karibu zaidi ni "anatoa hoja kwamba", au "anashikilia kwamba" pale mwandishi anaporudia msimamo wake dhidi ya upinzani, au "anajenga hoja" pale tunapotaka kuonyesha hatua zake.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri katika mgogoro wa ushairi. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliweka vina na mizani kuwa masharti ya utunzi. Miongo miwili baadaye Kezilahabi alitoa Kichomi (1974), diwani iliyoyaweka kando masharti hayo, na Mulokozi na Kahigi wakaingia katika mjadala kwa kitabu chao cha Kunga za Ushairi (1979). Tuchukue muhtasari niliouunda kwa ajili ya mfano: "Wanajadi wanadai kwamba shairi lisilo na vina si shairi, ilhali wanausasa wanafafanua kwamba vina si roho ya ushairi." Sasa tubadilishane vitenzi: "Wanajadi wanafafanua kwamba shairi lisilo na vina si shairi, ilhali wanausasa wanadai kwamba vina si roho ya ushairi." Hakuna hoja iliyoongezwa wala kupunguzwa, lakini mshindi amebadilika. Mwanafunzi anayeandika muhtasari wa kwanza kwa mazoea tu amekwisha kutoa hukumu katika sura ya pili ya tasnifu yake, kabla ya kufika kwenye uchambuzi, na mtahini ana haki ya kumwuliza hukumu hiyo aliitoa kwa ushahidi gani.

4. Data haipendekezi

Kitenzi 'suggest' kinaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi. Mtu akisema tukutane Jumatatu, amependekeza. Lakini katika sentensi inayosema kwamba data 'suggests' jambo fulani, hakuna pendekezo. Data haimtaki mtu afanye lolote. Inaelekeza upande fulani bila kufika kwenye uthibitisho. "Pendekeza" imetokana na "penda", na bado inahitaji mtendaji mwenye nia. Data huashiria, hudokeza, au mwandishi husema tu "yaelekea kwamba". Hali kadhalika, "matokeo yanapendekeza haja ya" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Upande wa pili wapo wanaokimbilia "kubainisha", "kudhihirisha" na "kuthibitisha" kila wanapokuta 'show', 'note' au 'state', kwa sababu maneno hayo yana sauti ya kisomi. Aliyeandika kwamba mtaalamu fulani "amebainisha" jambo ameliweka wazi kuwa ni kweli. Akirudi baada ya kurasa tatu kulipinga, anajipinga mwenyewe. 'Admit' nayo hupewa "kukiri" bila kuangalia kama anayenukuliwa alikuwa na cha kukiri: mtu hukiri kosa, udhaifu au jambo linaloidhuru hoja yake. Pasipo hilo, "anakubali" au "anatambua" hutosha.

5. Kuona, kwamba na eti

Ni vyema kukumbuka kwamba Kiswahili kina njia zake za kupima umbali kati ya msemaji na kauli. Maoni hutokana na kuona, mtazamo na kutazama, na hata rai, iliyotoka Kiarabu, ina mzizi wa kuona katika lugha hiyo. "Anaona kwamba" ni kisawe kizuri cha kushikilia maoni, kisicho na kejeli wala uthibitisho. "Anaonelea" huongeza wazo la kwamba msemaji amelipima jambo na kuliona linafaa. Ajabu ni kwamba wanafunzi wengi huviepuka vitenzi hivi wakidhani ni vya mazungumzo.

"Kwamba" nayo ilikuwa kitenzi: ni ku-amba, kusema, ambacho leo kimesalia katika "ambia". Maana hiyo imefifia kiasi kwamba neno lenyewe halibebi msimamo wowote. Msimamo umeachiwa kitenzi kinachotangulia, au "eti". Katika mazungumzo "eti" hufanya kazi ambayo Kiingereza hukitwika kitenzi kizima: "Anasema eti shairi ni vina" humweka msemaji mbali na kauli kwa silabi mbili. Uandishi rasmi umeifukuza "eti" kwa sababu ya dharau yake. Nadhani ni kwa sababu hiyo "kudai" imeongezewa kazi, kwani mwandishi aliyenyimwa "eti" hupenyeza shaka yake kwa mlango wa kitenzi.

6. Kuhoji

Nimeacha mwisho kitenzi kinachowagawa wasomaji wenyewe. Katika maandiko ya wataalamu wengi wa Kenya, "anahoji kwamba" ni kisawe cha kawaida cha 'argues that', na mantiki yake ya kimofolojia haina doa: hoja na hoji zimeshikamana, na anayetoa hoja anahoji. Kwa msomaji wa Tanzania, kuhoji ni kuuliza maswali. Polisi humhoji mtuhumiwa, mwandishi wa habari humhoji waziri, na msomi anayehoji nadharia anaitilia shaka. Akikuta "Hyland anahoji kwamba 'argue' hutawala katika taaluma za kijamii", atasita, pengine akadhani kwamba Hyland analikataa jambo hilo.

Hili si suala la nani anazungumza Kiswahili bora. Tasnifu huvuka mpaka kwenda kwa watahini wa nje, na makala za jarida moja husomwa Nairobi na Dar es Salaam kwa wakati mmoja. Kiambajengo kinachofuata husaidia kiasi: "anahoji kwamba" yenye kishazi huelekea kwenye hoja, na "anahoji" yenye yambwa nomino, kama vile uhalali, dhana au nadharia, huelekea kwenye shaka. Kamusi zingefaa kuzitenga maana hizi mbili na kuonyesha mazingira ya kisintaksia ya kila moja. Kabla hilo halijafanyika, ningemshauri mwandishi wa upande wowote aandike "anatoa hoja kwamba" anapomaanisha 'argue', na "anatilia shaka" anapomaanisha shaka, hata kama sentensi itarefuka kwa neno moja.