Silanga Lisilovuliwa: Maji, Burudani na Haki ya Umma Kibera na Kawangware

Utangulizi

Kiswahili kina hazina kubwa ya msamiati wa uvuvi. Mshipi, ndoana, chambo, dema, mgono, jarife na juya ni baadhi tu ya maneno ambayo mwanafunzi wa lugha hii hukutana nayo katika kamusi na katika fasihi ya pwani. Hata methali zetu zimelowa maji: samaki hukunjwa angali mbichi, na mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Hata hivyo, kwa kijana aliyezaliwa na kulelewa Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, maneno hayo ni ya kusomwa tu. Samaki anayemjua ni yule aliyeletwa sokoni akiwa amekwisha kufa: omena wanaopimwa kwa mkebe kando ya njia, au mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kutolewa viwandani, ambayo hukaangwa na kuuzwa kwa bei nafuu.

Ajabu ni kwamba Kibera inapakana na bwawa lenye ukubwa wa takriban hekta 35. Yaani mtoto wa Kibera ana ziwa mlangoni pake, lakini hana pa kutupa ndoana. Makala haya yananuia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, kwa nini Kawangware imefikia ukosefu uo huo kwa njia iliyo kinyume, na ni mambo gani yanayohitajika ili maji ya jiji yawe tena mahali pa uvuvi na burudani. Hoja yetu ni kwamba uvuvi wa burudani hauanzi kwenye gati wala kwenye mashua. Huanza chooni na kwenye mfereji wa majitaka, na huishia kwenye swali la nani anaruhusiwa kufika ukingoni.

Majina yanayokumbuka maji

Inafaa tuanze na lugha yenyewe, kwa kuwa majina ya mahali mara nyingi huhifadhi habari ambazo macho hayazioni tena. Jina Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Jina Kibera, ambalo Wanubi hulitamka Kibra, lina maana ya msitu katika Kinubi, lugha ya askari wa jeshi la kikoloni waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Miongoni mwa vijiji vya Kibera kuna kimoja kiitwacho Silanga, kilicho karibu na bwawa tunalolizungumzia. Neno silanga hutumiwa na Wakenya wengi wa bara kwa maana ya bwawa au lambo la kuhifadhia maji. Kwa hiyo anayetaja kijiji hicho hutaja maji, ajue asijue. Msitu umekwenda na maji yameharibika, lakini majina yangalipo.

Bwawa la Nairobi: kuzaliwa na kusongwa

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya jiji. Hupokea maji ya Mto Motoine, unaotiririka kutoka upande wa Dagoretti, na mto huo ukishatoka bwawani hujulikana kama Mto Ngong. Katika miongo ya kwanza, bwawa hili lilikuwa mahali pa starehe. Palikuwa na klabu ya mashua za matanga, na watu walivua samaki humo. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba starehe hiyo haikuwa ya kila mtu. Mashua ya matanga ilikuwa burudani ya wachache wenye uwezo, ilhali mkazi wa vijiji vya jirani aliitazama kwa mbali.

Kadiri idadi ya wakazi wa Kibera ilivyoongezeka, huduma za majitaka na za ukusanyaji wa taka hazikuongezeka kwa kiwango hicho. Kwa kuwa mitaro yote hufuata mteremko, kila kilichotupwa kiliishia bwawani. Hapa pana jambo la kisayansi linalohitaji kufafanuliwa. Kinyesi na mabaki ya sabuni hubeba naitrojeni na fosforasi, virutubishi vilevile ambavyo mkulima huvinunua katika gunia la mbolea. Maji yakirutubishwa kupita kiasi, mimea ya majini hushamiri, na ulioshamiri zaidi hapa ni gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini ambao Wakenya wanaujua kutokana na masaibu ya Ziwa Viktoria ya miaka ya 1990. Katika mazingira yanayoufaa, gugumaji huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa majuma mawili hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa limetanda juu ya sehemu kubwa ya Bwawa la Nairobi, hata mgeni akadhani anatazama uwanja wa nyasi.

Gugumaji likitanda, mwanga hauyafikii maji ya chini. Mimea ikifa na kuoza, vijidudu vinavyoiozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Samaki wengi huhitaji takriban miligramu tano za oksijeni katika kila lita ya maji. Ikipungua sana, perege hufa, na aghalabu wanaosalia ni wale wenye uwezo wa kuvuta hewa ya juu, kama vile kambare. Aidha, udongo unaosombwa na mvua hujaa chini na kulifanya bwawa kuwa na kina kifupi. Mahali palipokuwa maji pakawa tope, na juu ya tope hilo watu wakapanda nduma na miwa. Hatuwalaumu, kwani njaa haingoji mipango ya jiji. Lakini chakula kinachokuzwa katika majitaka, sawa na samaki anayevuliwa humo, huweza kubeba vimelea vya maradhi na metali zenye sumu.

Kibera na Kawangware: ukosefu wa namna mbili

Ni kawaida kuitaja mitaa hii miwili kwa pamoja kana kwamba historia yake ni moja. Kuhusu nafasi za burudani, sivyo. Sehemu kubwa ya Kibera imekuwa ardhi ya serikali, na wakazi wake waliishi kwa miongo mingi bila hatimiliki. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hatimiliki ya ekari 288, lakini wakazi wengine wengi wameendelea kuwa wapangaji wasio na uhakika wa kesho. Hapa ardhi ya umma ipo, ila umma wenyewe hauna sauti juu yake.

Kawangware ni kinyume cha hayo. Dagoretti ilikuwa eneo la wakulima nje ya mipaka ya Nairobi hadi jiji lilipopanuliwa mnamo 1963. Mashamba yalikuwa mali ya familia, nayo yaligawanywa kwa warithi na kujengwa vyumba vya kupangisha. Kila mwenye shamba alikuwa na haki ya kujenga, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuacha uwanja. Mto Nairobi, unaoanzia katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita upande huo kabla ya kufika Chiromo na katikati ya jiji. Lakini nyumba zimeusogelea mto hata ukingo wake ukawa uchochoro wa kutupia taka. Kwa ufupi, Kibera ina ardhi ya umma isiyo na wenyewe, na Kawangware ina ardhi yenye wenyewe isiyo na umma. Matokeo ni yale yale: mtoto huchezea barabarani.

Huenda msomaji akauliza, je, Bustani ya Uhuru haitoshi? Bustani hiyo ilifunguliwa rasmi mwaka 1969, na kwa miaka mingi ziwa lake dogo lenye mashua za kukodi limekuwa kivutio cha familia siku za sikukuu. Historia yake pia ina funzo. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani yake, na mpango huo ukaachwa. Bustani ya umma hudumu pale inapopata wa kuitetea. Lakini kwa mzazi wa Kawangware mwenye watoto wanne, nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku nzima. Burudani inayohitaji nauli si ya umma wote.

Yanayohitajika

Mahitaji ya uvuvi wa burudani mjini yana mfuatano wake, na mfuatano huo haupindiki. La kwanza ni kuzuia uchafu unakotoka: vyoo vinavyotosha, mabomba ya majitaka yanayofika vijijini, na ukusanyaji wa taka wa kila mara. Kulima gugumaji bila kuziba chanzo ni kukamua nguo huku mvua ikinyesha. La pili ni kuondoa tope ili bwawa lirudi kwenye kina chake. La tatu ni kupima maji na kupandikiza samaki baada ya vipimo kuridhisha. La nne ndilo ambalo wengi hulifikiria kwanza: njia za miguu, madawati, gati imara, taa, na uzio wa kuwakinga watoto wadogo. La tano ni usimamizi.

Kuhusu usimamizi, Kenya haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi wa Ziwa Viktoria na wa pwani hushiriki humo katika kulinda samaki na kutunza mialo yao. Hakuna sababu ya wakazi wa Silanga na vijiji jirani kutokuwa na kikundi cha namna hiyo. Kuhusu fedha, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1950 inayotoza kodi zana za uvuvi, na mapato yake hurejeshwa kwa majimbo ili kuhifadhi samaki na kuboresha maeneo ya kuvulia. Mvuvi anayenunua mshipi huwa amechangia ziwa.

Nani atafika ukingoni?

Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliamuru waliokuwa wakiishi kandokando ya mito ya Nairobi wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa, hasa Mathare na Mukuru. Machi 2025 ulizinduliwa mpango wa kuhuisha Mto Nairobi. Hakuna apingaye usafi wa mto. Hatari ni kwamba maji yakishasafishwa, thamani ya ardhi itapanda, na waliovumilia uvundo kwa miaka mingi ndio watakaoondolewa ili wengine wafaidi upepo. Bwawa likitakaswa kisha lizungushiwe ukuta na kutozwa kiingilio, mkazi wa Kibera atakuwa amelipoteza mara mbili: kwanza kwa uchafu, kisha kwa usafi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Haisemi kila mwenye gari, wala kila mwenye hatimiliki.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukosefu wa mahali pa uvuvi na burudani Kibera na Kawangware haukusababishwa na uhaba wa maji, bali na jinsi ardhi ilivyogawanywa na majitaka yalivyopuuzwa. Yafaa pia tukumbuke kwamba maji yanayotoka katika Bwawa la Nairobi hayaishii mjini. Mto Ngong hujiunga na Mto Nairobi, nao huingia Athi, na Athi huwa Galana na hatimaye Sabaki, unaomwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Huko ndiko kwa wavuvi waliotupa maneno tuliyoyataja mwanzoni: mshipi, dema, jarife. Pwani ilitupa msamiati wa uvuvi. Bara inaurudishia pwani uchafu wake. Siku mtoto wa Silanga atakapoweza kuvua perege na kumla bila hofu, mvuvi wa Malindi naye atakuwa amepunguziwa mzigo.