Kodi ya mshahara Uvira: anayekatwa na anayetangaza

Mwezi Januari unapoisha, mfanyakazi wa Marekani huwa amekwisha pokea kutoka kwa mwajiri karatasi inayoonyesha alichopata mwaka mzima na kodi aliyokatwa. Kufikia tarehe 15 Aprili, yeye mwenyewe hujaza fomu ya serikali kuu, akaitia sahihi na kuipeleka. Familia nyingi za Uvira na Fizi, mashariki mwa Kongo, zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuhamishiwa Marekani, zinaifahamu kazi hiyo, na baadhi zimerudishiwa fedha baada ya hesabu kuonyesha kwamba zilikatwa kupita kiasi. Ndugu zao waliobaki kandokando ya Ziwa Tanganyika hukatwa kodi ya mapato vilevile, ila hawatangazi chochote: mwajiri ndiye anayekata, ndiye anayetangaza, ndiye anayepeleka. Utaratibu huu una faida, kwa kuwa mhasibu wa shirika au muuguzi wa hospitali ya binafsi hapotezi siku yake kwenye foleni. Hasara yake ni kwamba mtu anaweza kulipa miaka 20 bila kujua amelipa nini, na asiyejua alicholipa hawezi kudai kitu. Kwa hiyo nashikilia kwamba mfanyakazi wa Uvira anapaswa kuielewa hesabu ya kodi yake hata kama sheria haimlazimishi kuipeleka mwenyewe, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayoitofautisha kodi na pesa inayotozwa kwenye vizuizi vya barabarani.

Kodi yenyewe inajulikana kwa herufi zake za Kifaransa, IPR. Mzizi wake ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969, iliyorekebishwa mara nyingi, na taratibu za kuitangaza zinatokana na sheria ya tarehe 13 Machi 2003, mwaka uleule ilipoundwa DGI, idara kuu ya kodi. Novemba 2023 Kinshasa ilitunga sheria mpya ya kukusanya mahali pamoja kodi za mapato ya mtu binafsi. Hesabu ninayoieleza hapa ni ya IPR jinsi wafanyakazi walivyoizoea kabla ya sheria hiyo mpya, kwa sababu anayeielewa hii hatapata shida kuifuata ile mpya. Kwanza mwajiri huondoa asilimia 5 ya mchango wa mfanyakazi kwa CNSS, mfuko wa pensheni. Posho ya nyumba isiyozidi kiwango cha sheria, nauli ya kwenda kazini na gharama za matibabu haziguswi na kodi. Kinachobaki hupanda ngazi: faranga 162,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 3, zinazofuata hadi 1,800,000 hutozwa asilimia 15, kisha asilimia 30 hadi 3,600,000, na zaidi ya hapo asilimia 40. Mwenye kubakiwa na faranga 600,000 atatozwa 4,860 kwa sehemu ya kwanza na 65,700 kwa sehemu ya pili, jumla 70,560. Kisha inakuja hatua ambayo wengi hawaisikii kabisa: kila mtu anayemtegemea hupunguza kodi hiyo kwa asilimia 2, mwisho watu tisa. Mwenye mke na watoto wanne anapunguziwa asilimia 10, analipa 63,504. Faranga 7,056 za tofauti ni haki yake kila mwezi, lakini anaipata tu ikiwa mwajiri ana orodha sahihi ya jamaa zake. Mtoto aliyezaliwa mwaka jana na hakuandikwa ofisini hayumo katika hesabu, na hakuna karani atakayekuja nyumbani kumuulizia.

Baada ya kukata, mwajiri ana hadi tarehe 15 ya mwezi unaofuata kutangaza na kulipa benki, katika akaunti ya hazina. Neno benki lizingatiwe. Hakuna afisa wa kodi mwenye ruhusa ya kupokea IPR mkononi, na karatasi ya benki ndiyo ushahidi kwamba fedha zimefika. Mwenye nyumba ya kupangisha katika mitaa ya Mulongwe au Kalundu naye ana kodi ya mapato ya pango, lakini hiyo ni ya jimbo, haiendi DGI. Katiba ya 2006 imetenganisha fedha za serikali kuu na za majimbo, na ibara yake ya 174 inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Ibara inayofuata inalipa jimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe palepale yanapokusanywa. Kwa miaka mingi majimbo yamelalamika kwamba hayapati sehemu hiyo kamili, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini madai ya asilimia 40 yanahitaji tarakimu ya kuanzia. Mahali ambapo waajiri hawatangazi, au wanatangaza wafanyakazi watano wakati wana 30, Kivu ya Kusini inadai sehemu ya kitu ambacho hakikuandikwa.

Wengi watajibu: Leta, yaani serikali, imetupa nini hata tuhangaike na hesabu zake? Jibu hili lina uzito mkubwa Uvira. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, uliua watu kwa makumi na kubomoa maelfu ya nyumba, na wenyeji waliona wazi jinsi mji wao ulivyoachwa bila kinga. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika mji uliojengwa kando ya ziwa lenye maji yasiyokwisha. Sitamwambia mtu kwamba anapata thamani ya kodi yake, kwa sababu haipati. Ila hasira hiyo ikituongoza kuzitupa karatasi, tunaishia kulipa zaidi. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu zote mbili, ambako askari, watumishi na makundi yenye silaha walitoza watu na mizigo. Mwenye gunia la mihogo kutoka Sange na mwenye shehena ya ndagala hulipa bila kuulizwa ana faida kiasi gani wala watoto wangapi. Kodi ya kichwa ya wakati wa Wabelgiji ilikuwa na ubaya huohuo: maskini na tajiri wa kijiji kimoja walitozwa sawa, na asiyekuwa na kitu alilipa kwa jasho lake. Kodi ya mapato, pamoja na kasoro zote za wanaoiendesha, angalau inaanza kwa kuuliza mtu anapata nini na analisha nani. Tukiiacha ife kwa kutoelewa, itakayobaki ni ile isiyouliza.

Pingamizi la pili ni kwamba wenye mishahara ni wachache. Ni kweli, na wamepungua tangu kiwanda cha sukari cha Kiliba kiliposimamishwa na vita ya 1996. Watu wa Uvira wanaishi kwa uvuvi, kilimo cha bonde la Ruzizi na biashara ya kuvuka Kavimvira kwenda Burundi. Lakini nao hawako nje ya jambo hili. Kwa sheria ya Februari 2013 ya biashara ndogo, mwenye duka ambaye mauzo yake kwa mwaka hayakufika faranga milioni 10 aliwekewa kiasi kimoja cha mwaka kwa kodi ya mapato, na mwenye biashara ndogo aliyezidi hapo alitozwa sehemu ya mauzo: asilimia 1 kwa bidhaa, asilimia 2 kwa huduma. Mama mwenye duka anayejua kwamba ameshalipa kiasi chake cha mwaka, na karatasi anayo, ana jibu kwa kijana anayekuja na kitabu kipya kila robo mwaka. Anaweza kuuliza: hii ni kodi gani, ni ya nani, na sheria yake ni ipi?

Vita vimelifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Desemba mwaka huohuo waliingia Uvira yenyewe. Mwajiri mwenye watu pande zote mbili za mstari wa vita anaweza kujikuta akidaiwa kodi ya mishahara ileile na mikono miwili. Mfanyakazi wa kawaida hawezi kuamua ugomvi huo, wala hapaswi kutwikwa mzigo wake. Kisheria mwenye wajibu wa kupeleka IPR ni mwajiri: aliyekata mshahara wa mtu na hakupeleka ndiye mdaiwa, siyo aliyekatwa. Ila mtu huyo atahitaji kuonyesha kwamba alikatwa, na karatasi ya mshahara yenye mstari wa IPR, mstari wa CNSS na idadi ya wategemezi ndiyo inayoonyesha. Waajiri wengi wa Uvira hulipa kwa kusainisha daftari tu, na mfanyakazi anaondoka na noti bila karatasi. Kudai karatasi hiyo kila mwezi kunawezekana leo, hata katika mji uliovurugika, na chama cha wafanyakazi au kamati ya walimu inaweza kuidai kwa niaba ya wote, ili anayeogopa kuonekana mkorofi asisimame peke yake mbele ya bosi.