Taa ya ABS inayowaka na kuzima: gari halijapona, pima kabla ya kununua spea

Jumamosi asubuhi, familia inatoka Ubena Zomozi kwenda kumwona bibi Bagamoyo. Mama yuko kwenye usukani, watoto wawili wamefunga mikanda kiti cha nyuma. Gari ni dogo, liliingia nchini kutoka Japani likiwa limeshatumika, na sasa umri wake umepita miaka 15. Wameipita Chalinze, kabla ya kufika Msata taa tatu za njano zinawaka kwa mpigo kwenye dashibodi.

“Mama, mbona gari limewasha taa nyingi?” anauliza mtoto mkubwa.

Mama anaegesha pembeni, anazima gari, anawasha tena. Taa hazipo. Safari inaendelea, na hadi wanafika kwa bibi jambo hilo limeshasahaulika.

Wazazi wengi wenye magari ya umri huo wanaifahamu hali hii. Taa ikizimika, gari huonekana limepona. Lakini ni sawa na mtoto anayepandwa na homa usiku, asubuhi anaamka anacheza. Mzazi makini hambahatishii dawa ya malaria, humpeleka akapimwe. Gari nalo linataka kipimo kabla ya spea.

Kwa nini zinawaka pamoja

ABS ni mfumo unaozuia tairi kujifunga dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, ili gari liendelee kufuata usukani. Kila tairi huwa na sensa ndogo inayosoma kasi yake kupitia riingi yenye meno au sumaku inayozunguka pamoja na habu. Mfumo wa kuzuia tairi kuteleza, ambao kwenye Toyota huandikwa TRC, na ule wa kulituliza gari kwenye kona, VSC, hutegemea sensa hizo hizo. Ndiyo maana sensa moja ikikosea, taa zote huwaka. Taa tatu hazina maana ya ubovu mara tatu.

Kuna taa moja isiyopaswa kumtia mtu hofu. Alama ya gari lenye mistari ya kuteleza ikimweka kwa muda mfupi kwenye tope, mfumo uko kazini. Ikibaki imewaka bila kumweka, na hakuna aliyebonyeza swichi ya kuzima mfumo huo, hapo kuna hitilafu.

Njano si nyekundu

Taa ya ABS ya njano ikiwaka peke yake, breki za kawaida kwa kawaida bado zinashika. Kinachokosekana ni ile kinga ya tairi kujifunga. Dereva apunguze mwendo, aache nafasi kubwa mbele yake, hasa mvua ikinyesha, na alipeleke gari kwa fundi bila kuchelewa.

Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine. Kwanza hakikisha hendibreki imeshushwa yote. Kisha tazama kikopo cha mafuta ya breki: yawe kati ya alama za MIN na MAX. Mafuta yakiwa karibu na MIN, taa inaweza kuwaka kwenye kona tu, kwa sababu yanahamia upande mmoja. Yakipungua, ama padi zimelika au kuna mahali panavuja. Kuyaongeza bila kukagua ni kuficha ugonjwa.

Nyekundu ikiwaka pamoja na ya ABS, mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya tairi za mbele na za nyuma unaweza kuwa umekufa, na tairi za nyuma zikajifunga mapema. Hapo, au pedali ikizama au kuwa laini, egesha. Watoto wateremke na wakae mbali na barabara. Gari livutwe.

Andika kabla ya kwenda gereji

Tatizo la ubovu unaokuja na kuondoka ni kwamba gari likifika kwa fundi linakuwa zima. Dawa yake ni daftari, au ujumbe wa kujitumia mwenyewe kwenye simu: taa iliwaka lini, gari likiwa katika mwendo gani, kulikuwa na nini.

Ikiwaka usukani ukikatwa upande mmoja, shuku waya wa sensa ya tairi la mbele. Waya huo hupinda kila kona na unaweza kukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Ikiwaka baada ya mvua au kuosha gari, maji yanaweza kuwa yameingia kwenye soketi. Pedali ikitetemeka gari linapokaribia kusimama kwenye lami kavu, huenda riingi imepasuka au kutu imeiinua sensa. Wanaoishi karibu na bahari, kama Bagamoyo, wanajua chumvi inavyokula chuma. Ikiwaka usiku taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa, betri na alteneta vipimwe. Ikianza baada ya kufunga tairi la akiba au tairi lenye saizi tofauti na mengine, tuhuma ya kwanza ni tairi hilo.

Mashine kwanza, Kariakoo baadaye

Hitilafu nyingi hubaki kwenye kumbukumbu ya gari hata taa ikizimika. Muulize fundi kama mashine yake inasoma ABS, maana nyingine ndogo husoma injini tu. Kwenye Toyota nyingi, C0200 ni sensa ya mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia na C0215 nyuma kushoto.

Namba hiyo inaonyesha mahali pa kutafuta, haisemi sensa imekufa. Fundi atazame kwenye mashine kasi za tairi zote nne gari likitembea polepole. Tatu zikisoma sawa na moja ikashuka ghafla hadi sifuri, mgonjwa amepatikana. Hapo achezeshe waya, asafishe soketi, atikise tairi kuona kama beringi imelegea. Kama beringi ilibadilishwa karibuni, aulize ilifungwaje: kwenye magari mengi sumaku iko ubavuni mwa beringi, na ikifungwa kinyume sensa haisomi kitu.

Kuchomoa waya wa betri ili taa ifutike hakutibu chochote. Na anayenunua gari la mkononi atazame dashibodi anapofungua swichi kabla ya kuwasha injini: taa ya ABS inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzima. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliing’oa.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mtoto aliyeuliza kuhusu taa aliuliza swali la maana. Jibu lake lipatikane gereji kabla ya safari ya kurudi Ubena, na mikanda ifungwe kila siku, taa ziwake zisiwake.