GOLIKIPA WA MASHINE YA KUKEREZA

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Nami naongeza: vilivyoundwa huharibika, na vikiharibika lazima apatikane mtu wa kuvitengeneza. Katika makala haya nitakueleza jinsi kifaa kimoja kidogo kilivyosumbua karakana nzima kwa majuma matatu, na jinsi tulivyokiponya kwa kuuliza maswali badala ya kununua vipuri ovyo.

Baba mdogo ana karakana huko Kariobangi, Nairobi. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, Jumamosi huenda kumsaidia kufagia chenga za chuma na kuhesabu mali iliyo tayari. Pale pana mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta. Si mpya, ilitumika ng'ambo miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Wala fikra yenyewe si ya jana. Mwaka wa 1952, chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha watu mashine ya kuchonga chuma iliyofuata amri za nambari. Amri hizo zilikuwa matundu kwenye utepe wa karatasi!

Yetu hutengeneza bushi za shaba. Fimbo ndefu ya shaba huzunguka kwa kasi, visu huichonga nje na ndani, kisha kisu chembamba hukata bushi iliyokamilika. Sasa bushi hiyo ianguke wapi? Ikianguka chini hukwaruzika na kupotea katika lundo la chenga. Ndiyo maana mashine ina mkono wenye trei ndogo. Kabla ya kisu kumaliza kukata, mkono hupanda, hudaka bushi, kisha hushuka. Mafundi huuita golikipa, na kweli kazi yake ni hiyo hiyo.

Golikipa huyu alianza uvivu kidogo kidogo. Kwanza alichelewa kupanda. Baadaye akawa anafika nusu tu na kukwama. Mwishowe kompyuta ikawa inatoa onyo na kusimamisha kazi. Oda ilikuwa inangoja, basi mwanagenzi mmoja akaamua kuwa golikipa yeye mwenyewe. Aliifunga kwa waya ile swichi inayozuia mashine kwenda mlango ukiwa wazi, akavaa glavu, akawa anadaka bushi kwa mkono. Jameni! Siku ya pili fimbo inayozunguka ilinasa ncha ya glavu. Bahati yake glavu ilikuwa kuukuu ikarauka, akapoteza ukucha wa kidole gumba badala ya mkono mzima. Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio hatua tatu tu kutoka pale. Sitasahau ukelele ule.

Baba mdogo aliizima mashine papo hapo, akaifungua ile waya na kuitupa. Muuza vipuri mmoja aliyeitwa alitazama kidogo, akasema, "Vali imekufa, nunueni nyingine." Bei aliyotaja ilimfanya baba mdogo akae chini. Lakini fundi mkuu, mzee mpole asiye na maneno mengi, akasema, "Tusiizike kabla ya kuipima."

Ili umwelewe mzee, lazima ujue amri inavyosafiri. Kompyuta hutuma umeme wa volti 24 kwenye koili ya vali. Koili hufungua vali. Hewa kutoka kompresa hupita katika chujio, hupita kwenye vali, husukuma pistoni, na pistoni huinua mkono. Mkono ukishashuka, kitambuzi kilichofungwa kwenye silinda huiambia kompyuta, "Niko chini." Kisipojibu kwa wakati, kompyuta husimamisha kila kitu, kwa sababu visu vinaweza kugonga mkono uliobaki juu. Ni kama barua inayopita mikono mingi: isipofika, utamlaumu nani?

Mzee alinifunza kuanzia katikati ya mnyororo. Vali nyingi za namna hii zina kitufe kidogo cha kubonyeza kwa kidole, kinachofungua hewa bila umeme. Mashine ikiwa imesimama na watu wakiwa mbali na mkono, alikibonyeza. Mkono ukapanda polepole, ukakwama nusu. Swali moja tu, na nusu nzima ya mnyororo ikatoka katika orodha ya washukiwa! Ugonjwa ulikuwa upande wa hewa na chuma. Kama mkono ungepanda sawasawa, tungegeukia umeme na kupima koili kwa mita: volti 24 zikifika na vali haifanyi kitu, shuku koili au vali yenyewe, zisipofika, tafuta waya uliokatika au amri isiyotoka kwenye kompyuta.

Kisha tukafunga hewa na kuitoa yote iliyobaki ndani. Hili usiliruke, kwa maana hewa iliyofungiwa yaweza kuurusha mkono ghafla. Tukazima umeme pia, tukachomoa mipira ya hewa kwenye silinda na kuusukuma mkono kwa vidole. Ulikuwa mgumu katikati. Kwenye bawaba yake tulikuta chenga za shaba zimegandamana na maji ya kupozea yaliyokauka. Tulisafisha, tukatia oili kidogo. Ukawa mwepesi.

Tukarudisha hewa, tukabonyeza tena. Sasa ulifika juu, lakini bado kwa uvivu. Nikamwambia mzee, "Mbona geji inasema baa 6? Hewa si ipo ya kutosha?" Akacheka. "Itazame mkono ukitembea, si ukilala." Alipobonyeza, sindano ikaanguka hadi baa 2, kisha ikapanda polepole. Chujio lilikuwa limeziba kwa maji na uchafu wa kutu. Hewa ikitulia hupenya kidogo kidogo mpaka geji ijae, lakini kazi ikianza haifiki kwa wingi unaotakiwa. Geji ilikuwa kama mwanafunzi anayejua kila jibu kabla ya mtihani!

Hapa Fizikia yetu inaingia. Kani ni shinikizo mara eneo. Pistoni yetu ina kipenyo cha milimita 32, yaani eneo la sentimita mraba 8 hivi. Kwa baa 6 kani ni karibu nyutoni 480, kama uzito wa mtu wa kilo 48. Kwa baa 2 ni nyutoni 160 tu. Ndiyo maana mkono ulishindwa na chenga kidogo za shaba. Ndiyo maana pia usiweke kidole karibu nao ukiwa mzima.

Tuliweka chujio jipya, ambalo bei yake ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na vali. Mkono ukapanda na kushuka vizuri. Lakini kompyuta ikatoa onyo lile lile! Kumbe kosa lilikuwa langu: nilipokuwa nikipangusa nilikisukuma kitambuzi kando bila kujua. Mzee alikirudisha milimita chache mpaka taa yake ndogo ikawaka mkono ukiwa chini. Kwisha. Siku hiyo bushi zilidakwa zote, na mlango wa mashine ulikuwa umefungwa.

Mwanagenzi alirudi kazini baada ya majuma mawili. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kuitazama ile swichi ya mlango.

Wenzangu, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kifaa kikikataa kazi, kiwe redio, pampu ya maji au baiskeli, kwanza kata njia yake katikati na uulize: tatizo liko upande huu au ule? Kisha kipime kikiwa kazini, si kikiwa kimelala. Na kama hujapata jibu, heri kazi ichelewe kuliko kuweka kidole chako mahali pa kifaa kilichokufa. Vipuri huuzwa madukani. Vidole havina duka.